Vipande vya Kioo na Vipande vya Ardhi

Watu wengi hupita karibu na mambo makubwa kila siku bila ya kugeuza shingo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee mmoja wa Gataka, karani aliyestaafu baada ya kutunza vitabu vya hesabu kwa muda wa miaka 32. Kwa miaka mingi alisikia habari za mahali palipo kando ya mto Mbagathi, upande wa kusini, ambapo jamaa moja hutengeneza vyombo na sanamu kwa vioo vilivyotupwa. Lakini hakuona sababu ya kwenda huko. Kwa fikira zake, kioo kilikuwa kitu cha dirishani, na kikivunjika kilikuwa kitu cha kuzolewa upesi kabla mtoto hajajikata.

Hata siku alipokwenda, hakutoka nyumbani kwa ajili ya vioo. Alikuwa na shughuli nyingine. Katika miaka ya 1990, alipokuwa angali kazini, alinunua ekari 10 za ardhi katika uwanda wa Kitengela, mbele ya Tuala. Wakati huo bei ilikuwa ndogo na rafiki zake walimcheka, wakisema amenunua majani na mawe. Sasa hawakucheka tena. Dalali mmoja alikuwa amemwendea mara nne, akimshauri aikate ardhi ile iwe viwanja vya futi 50 kwa 100. Ekari moja hutoa viwanja vinane; ekari 10 hutoa 80, na ukiondoa njia hubakia kama 70. Wanawe watatu walikwisha kukubali. Karatasi ya mapatano ilikuwa katika mfuko wa koti lake, pamoja na kalamu yake, na miadi yao na dalali ilikuwa saa tisa alasiri, hapo hapo shambani.

Lakini mjukuu wake, msichana wa miaka 12, alikuwa nyumbani kwa likizo, naye ni mtoto apendaye kuchora. Aliposikia kwamba babu yake anakwenda pande zile, alimwomba wapite kwanza kwenye vioo. Mzee alitazama saa, akaona kwamba wakati upo. Akakubali, kama wakubalivyo wazee, ili mtoto asinung'unike njiani.

Wakaondoka Gataka asubuhi, wakapanda gari mpaka Ongata Rongai. Jina hilo ni la Kimaasai, na maana yake ni uwanda mwembamba; ila siku hizi mgeni hawezi kuuona uwanda huo, maana umefunikwa na majumba ya ghorofa, maduka na vibanda. Wakaiacha barabara ya Magadi, wakapita Chuo Kikuu cha Africa Nazarene, na baada ya hapo njia ikawa ya mawe na vumbi. Miiba ikaanza kuonekana, kisha majani, kisha upepo wa uwandani ambao hauna kitu cha kuuzuia. Mzee akavuta pumzi. Akakumbuka kwamba siku aliponunua shamba lake upepo kama huo ulianza kuvuma pale pale Rongai.

Walipofika, mtoto aliuachilia mkono wa babu yake. Njia yenyewe ya kuingilia ilipambwa kwa vipande vya vioo na mawe ya rangi, vilivyopangwa kwa saruji mmoja mmoja kama shanga. Mabenchi nayo yalivikwa vioo. Majengo hayakuwa kama majengo ayajuayo karani: hayakuwa na pembe nne, bali yalikuwa ya mviringo, yenye mapaa kama vichuguu au vitunguu, na ukutani zilitiwa chupa ili mwanga upenye. Kila upande palikuwa na wanyama na viumbe wa ajabu waliofanywa kwa saruji, chuma chakavu na vioo. Mzee alisimama mbele ya mmoja wao, akatazama mgongo wake, akatambua vipande vya sahani iliyofanana kabisa na ile aliyoivunja mkewe mwaka uliopita, nao wakaitupa.

Habari ya mahali hapo ni habari ya jamaa moja. Bibi Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani na mchoraji wa picha za ukutani, alikuja Afrika ya Mashariki pamoja na mumewe wa wakati ule, Harvey Croze, mtaalamu aliyechunguza maisha ya tembo huko Serengeti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bibi huyo alihamia ukingo huu wa Mbagathi, wakati uwanda ulipokuwa bado mali ya majani na wanyama, akaanza kufanya madirisha ya vioo vya rangi kwa ajili ya makanisa na nyumba. Kisha mwanawe, Anselm, akajifunza kazi ya kupuliza kioo cha moto, na katika miaka ya 1990 akaanzisha karakana yake jirani na mama yake. Hivyo kazi ikatoka kwa mzazi ikaenda kwa mtoto, na kutoka kwao ikaenda kwa mafundi wengi wa nchi hii waliofunzwa papo hapo.

Kwanza walitazama kazi ya madirisha. Kuna namna mbili. Namna ya kwanza ni vioo vyembamba vya rangi, ambavyo hukatwa kwa kufuata mchoro, kisha huungwa kwa risasi laini kama nguo iungwavyo kwa uzi. Namna ya pili ni mapande mazito ya kioo, ambayo hupasuliwa kwa nyundo kisha huzungushiwa saruji. Rangi yenyewe haipakwi juu ya kioo. Huyeyushwa pamoja nacho. Madini ya kobalti hutoa buluu, na chuma hutoa kijani kama kile cha chupa. Mtoto aliweka kiganja chake nyuma ya pande la buluu, akaona mkono wake umekuwa kama mkono wa mtu aliye chini ya bahari. Mzee hakusema neno, lakini yeye pia aliweka kiganja chake.

Kisha wakaenda kwenye tanuru. Hapo palikuwa na mngurumo na joto, na ngazi za kukalia watazamaji. Ndani ya tanuru moto ulikuwa mweupe, maana kioo huhitaji joto la zaidi ya digrii 1,000 kabla ya kulegea kama asali. Waliambiwa kwamba moto ule huwashwa kwa mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka katika magari, na kioo chenyewe ni mabaki ya madirisha. Mafundi walifanya kazi bila ya kusemezana. Mmoja alichovya bomba refu la chuma tanuruni, akalitoa na donge la kioo mwishoni, likining'inia jekundu. Akalizungusha pasipo kusimama, kwa kuwa likiachwa kidogo tu litaanguka kama uji. Akalipuliza, likavimba. Mwingine akaja na koleo, akalibana shingo. Wa tatu akaleta ubao uliolowa maji, akasawazisha kitako. Kwa dakika chache donge likawa bilauri.

Mtoto alipiga makofi. Lakini fundi aliinua bilauri ile mbele ya mwanga, akaifunga jicho moja, akaizungusha, akaona kwamba ukingo wake umekwenda upande. Hapo hapo akaigonga kwa chuma. Ikaanguka ndani ya debe, ikavunjika.

"Mbona umeivunja?" mtoto akauliza, na sauti yake ilikuwa ya kulia.

Fundi akacheka. "Usihuzunike, mdogo wangu. Haikupotea. Kesho itarudi tanuruni, na huenda ikawa nzuri kuliko hii."

Mzee, ambaye kwa miaka 32 aliandika katika vitabu hasara za watu wengine, alilitazama debe lile kwa makini. Katika hesabu alizozijua yeye, kitu kilichovunjika huandikwa upande wa hasara na kupigwa mstari. Hapa palikuwa na duka ambalo halikuwa na mstari huo. Akauliza, "Mwanangu, basi hapa hakuna kitu kinachopotea kabisa?"

"Mzee, si hivyo kabisa," fundi akajibu. "Kioo kina adabu yake. Huwezi kuchanganya kioo cha namna hii na cha namna ile, kwa maana kila namna husinyaa kwa kadiri yake kikipoa, na visipopatana hupasuana. Na hata kilicho kizuri, ukikipoza kwa haraka kitapasuka mikononi mwako. Bilauri ikitoka hapa huwekwa katika tanuru ya pili, ipoe polepole mpaka kesho. Mwenye haraka hawezi kazi hii."

Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali. Akaigusa karatasi iliyokuwa katika mfuko wa koti, kama mtu anayetaka kujua kama bado ipo.

Dukani waliona bilauri, mitungi, taa, na sanamu za ndege na wanyama. Waliona pia shanga za vioo, kubwa kwa ndogo. Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa amesimama hapo, na shanga zake mwenyewe zilikuwa shingoni, safu juu ya safu. Jambo hili ladai kukumbukwa. Watu hufikiri kwamba kioo ni kitu kigeni katika uwanda huu, lakini sivyo. Shanga za vioo zimekuja Afrika ya Mashariki kwa majahazi tangu mamia ya miaka iliyopita, na zile ndogo za rangi ambazo Wamaasai wamezifanya kuwa pambo lao zilitoka mbali, katika nchi kama Italia na Bohemia, zikapitia mikononi mwa wafanya biashara mpaka zikafika huku. Mama wa Kimaasai alipozichukua akazipanga kwa akili yake, nyekundu hapa, nyeupe pale, hazikuwa za Italia tena. Sasa vioo vya madirisha ya Nairobi vyageuzwa shanga hapa hapa Kajiado. Safari ya kioo imefupishwa.

Baada ya hayo wakaenda kutazama korongo. Mbagathi umejichimbia njia yenye kina kirefu kati ya mawe, na juu yake liko daraja la kuning'inia ambalo huyumba chini ya miguu. Mzee hakulivuka, alisema magoti yake hayakuandikiwa daraja lile. Wakakaa ukingoni kwenye jiwe, wakala mkate wao.

Ng'ambo ya mto ni Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, nayo ni ya kwanza katika Kenya. Ni ndogo, kilomita za mraba 117 tu. Upande wa mji imezungushiwa ua, lakini upande wa kusini mpaka wake ni mto, nao uliachwa wazi kwa makusudi. Mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia hutoka wakaenda kula majani mafupi ya uwandani, Kitengela na Kapiti. Kiangazi kikiingia hurudi kwenye maji. Hawakai mahali pamoja, kama vile Wamaasai na ng'ombe wao wasivyokaa mahali pamoja, na kwa sababu ile ile.

Ardhi hii zamani haikuwa na ekari. Ilikuwa na visima, malisho na majira. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya mashamba ya jumuiya, watu wa mahali pamoja wakaandikiwa ardhi yao kwa pamoja. Kisha jumuiya nazo zikagawanywa. Ile ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mtu akapewa hati yake. Wenye hati wakauza kipande, wakauza kingine, na katika wauziwa alikuwemo karani mmoja wa Gataka. Nyua za waya zikafuata, na machimbo ya mawe, na viwanda. Mwaka 1978 nyumbu wa uwanda huu walihesabiwa, wakapita 20,000. Mwaka 2011 hawakufika 5,000.

Wako waliojaribu kuzuia jambo hilo. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba kiasi cha shilingi 300 kwa ekari kila mwaka, ili wasizungushe ua, wasichimbe mawe wala wasiuze. Fedha zilitolewa mara tatu kwa mwaka, wakati wa karo za shule, na wazazi wengi wa uwandani walizipokea kwa shukrani. Mzee aliujua mpango huo, na siku aliposikia habari zake alipiga hesabu: ekari 10, shilingi 3,000 kwa mwaka. Bei ambayo dalali alimtajia kwa kiwanja kimoja ilizidi malipo hayo ya miaka 100. Hesabu haikuwa na shaka. Ndiyo maana karatasi ilikuwa mfukoni.

Siku hiyo waliona twiga mmoja na punda milia wachache upande wa pili. Mtoto alikuwa amekwisha kutoa daftari lake, anachora. Alichora mto, akachora punda milia, kisha akasimamisha kalamu.

"Babu, majani yakiisha kule watakuja huku?"

"Watakuja. Hupita hapa karibu, wakaenda zao mpaka Kapiti."

"Na shamba letu li njiani?"

Mzee akatazama upande wa Tuala, akanyamaza kwa kitambo. "Li njiani," akasema.

Mtoto akaendelea kuchora, wala hakuuliza neno jingine. Lakini Mzee hakuweza kumaliza mkate wake. Lilimrudia lile debe la vioo vilivyovunjika. Alifikiri: kioo kikivunjwa vipande 70, fundi hukirudisha tanuruni, kesho kikawa kizima. Je, iko wapi tanuru ya ardhi? Akishaikata ekari 10 viwanja 70, na viwanja vikawa na wenyewe 70, kila mmoja na ua wake, na lango lake, na mbwa wake, ni fundi gani wa kuirudisha kuwa uwanda? Mali nyingine zote alizowahi kuziandika katika vitabu zilikuwa na njia ya kurudi: fedha hurudi, ng'ombe huzaa, nyumba hujengwa tena. Hii peke yake ilikuwa haina.

Hata hivyo asidhaniwe kuwa mtu asiyekuwa na haja ya fedha. Paa la nyumba yake ya Gataka lilikuwa linavuja. Mwanawe wa mwisho alikuwa hajamaliza chuo. Na wanawe wakubwa walikuwa na haki ya kusema kwamba baba yao hawezi kuwalisha watoto wao kwa kuwaonyesha punda milia. Mambo haya yote yalikuwa kweli, nayo hayakupungua uzito kwa sababu tu mzee amekaa ukingoni mwa korongo.

Saa tisa ilipofika walikuwa shambani. Dalali alikuwa amekwisha kufika, na mpimaji wake, na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu.

"Shikamoo, Mzee. Tulikuwa tunakungoja. Leo tumalize kazi."

"Marahaba. Tutamaliza, lakini si kama tulivyoandika." Mzee akatoa karatasi, akaifungua juu ya gari, akachukua kalamu yake ya ukarani. Akakata mstari juu ya tarakimu 10, akaandika 2. "Ekari mbili hizi za kando ya barabara, pima, uza. Zatosha paa na karo. Nane zilizobaki zikae wazi. Sitaki waya wala kigingi."

Dalali alimtazama kama mtu aliyepigwa jua. "Mzee, miaka mitano ijayo utajuta. Bei haitakungoja."

"Huenda nikajuta," Mzee akasema. "Lakini nikijuta kwa kutouza, nitauza. Nikijuta kwa kuuza, nitafanyaje?"

Hilo dalali hakulijibu, na mpimaji akaanza kuchukua vigingi akivipeleka upande wa barabara.

Wanawe hawakufurahi. Mmoja alikaa majuma matatu bila kumpigia simu baba yake, na mwingine alisema waziwazi kwamba uzee umemwingia kichwani. Mzee hakugombana nao. Alimaliza paa, akalipa karo, akaandika matumizi yote katika daftari, senti kwa senti, kila mwana akapewa nakala yake. Akawaambia kwamba zile ekari nane ni zao, na kwamba siku atakapokufa watakuwa na mamlaka ya kukata. Ila yeye hatakuwa mwenye kukata. Huenda wakakata. Jirani zake wa upande wa kaskazini walikwisha kukata, na punda milia wanaopita hapo wanapita katika nafasi ambayo haipati nusu ya ile ya zamani. Ekari nane haziokoi uwanda. Lakini uwanda wote umekwisha kwa ekari nane nane.

Mezani kwake, pale Gataka, iko bilauri moja nzito ya kijani yenye mapovu madogo ndani yake, aliyoinunua siku ile. Wageni hupenda kuishika na kuuliza imetoka wapi, naye huwaambia kwamba ilikuwa dirisha. Ukutani juu ya meza iko picha ya mtoto, iliyochorwa kwa kalamu ya risasi: mto, punda milia, na shamba lisilo na ua.

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mzee yule alipata bahati ambayo si wengi waipatayo, kwa kuwa mjukuu alikuja mapema, akakaa karibu naye juu ya jiwe, kabla kalamu haijagusa karatasi.